Kabla ya kununua kontrola ya breki, lala kwanza chini ya trela

Simu ya namna hii naipokea mara kwa mara. "Kaka, pikapu nimepata, trela nimepata. Sasa ninunue kontrola gani ya breki?" Nami humuuliza: "Umeshalala chini ya trela ukaangalia?" Kimya. Halafu anacheka, akidhani namtania.

Simtanii. Kontrola inafungwa ndani ya pikapu, karibu na goti la dereva, kwa hiyo watu wanaichagua kwa kuangalia pikapu. Kumbe kazi yake yote iko nyuma. Ni kisanduku kinachopeleka umeme kwenye breki za trela, na kama hujui breki hizo ni za aina gani, ni ngapi na zina hali gani, utanunua kwa kubahatisha kama nilivyobahatisha mimi.

Mimi navuta magari ya mnadani kutoka Dallas na Fort Worth kwenda Houston, barabara ya I-45, maili 240 hivi. Mengi ni ya wateja wanaoyapeleka Kongo, Burundi na Rwanda, nchi ambazo usukani wa kushoto hauna shida. Haya hapa chini ni kwa mtu wa kazi hiyo au inayofanana nayo: pikapu ya kawaida na trela ya ekseli mbili. Mwenye farasi au mashua atachukua yanayomhusu.

Hatua ya kwanza: jua trela yako ina breki gani

Chukua tochi na kipande cha boksi cha kulalia. Kwanza angalia shingo ya trela, pale inapokamata pikapu. Kama shingo inateleza mbele na nyuma na juu yake kuna kikopo cha mafuta ya breki, hiyo ni trela inayojifunga yenyewe kwa msukumo: pikapu ikipunguza mwendo, trela inasukuma shingo yake na mafuta yanakwenda kubana breki. Trela za kubebea magari zinazokodishwa na U-Haul ni za aina hii. Hiyo haihitaji kontrola, na pesa yako ibaki mfukoni.

Kama shingo haitelezi, fuata waya mpaka kwenye magurudumu. Ukiona waya mbili zinaingia nyuma ya kila gurudumu, hizo ni breki za umeme, na ndizo utakazozikuta kwenye trela nyingi za Marekani. Hesabu magurudumu yenye waya, usihesabu ekseli. Kuna trela za ekseli mbili ambazo ekseli moja tu ndiyo yenye breki, na muuzaji hatakwambia.

Aina ya tatu ni pampu ya mafuta inayoendeshwa kwa umeme, imefungwa mbele ya trela ndani ya boksi lake, na mara nyingi magurudumu yana diski. Hapo uwe mwangalifu, maana si kila kontrola inaelewana na pampu hizo. Tekonsha Prodigy P3, kwa mfano, ina chaguo la kuiambia kama trela ni ya umeme mtupu au ya pampu. Nyingine hazina, na pampu itakaa kimya au itachelewa.

Ukishajua, soma kibao cha trela chenye uzito wa juu unaoruhusiwa. Trela ya ekseli mbili za paundi 3,500 kila moja inaruhusiwa paundi 7,000, yaani kilo 3,175 hivi, na hapo imo trela yenyewe. Kama tupu ina paundi 2,000, imekubakizia 5,000. Toyota Camry inaingia na nafasi inabaki. Land Cruiser ya 200 ina uzito wa karibu paundi 5,800 peke yake, haiingii, hata mteja akubembeleze vipi. Nimeona watu wakiipandisha. Halafu wanalalamika kwamba kontrola haina nguvu.

Hatua ya pili: hakikisha breki zenyewe ni nzima

Hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo pesa inapopotea. Kontrola mpya kwenye breki zilizokufa ni sawa na kununua spika nzuri kwa redio isiyowaka.

Ndani ya dramu ya gurudumu kuna sumaku ndogo ya umeme, ukubwa wake unatosha kiganjani. Umeme ukiingia, sumaku inang'ang'ania uso wa dramu inayozunguka, inaburutwa nayo, na huko kuburutwa kunavuta mkono wa chuma unaotanua viatu vya breki. Kwa hiyo nguvu ya kufunga inatoka kwenye mzunguko wa gurudumu lenyewe, sumaku inauanzisha tu. Ndiyo sababu breki hizi hazionyeshi uwezo wake ukiwa unatambaa kwa mwendo wa kinyonga, na ndiyo sababu huwezi kupima nguvu yake ya kusimamisha trela ukiwa umesimama uani.

Sumaku moja ya dramu ya inchi 10 au 12 inakula ampea 3 hivi. Magurudumu manne, ampea 12. Ukiweka mita kwenye waya wa buluu wa trela, ule unaopeleka umeme kwenye breki, ukaupa umeme wa betri ya volti 12 na ukasoma ampea 6, basi nusu ya breki zako hazifanyi kazi, na hakuna kontrola duniani itakayozifufua. Ukipima sumaku moja moja kwa kipimo cha omu, inatakiwa isome 3 na nukta kidogo. Sifuri ni shoti. Isiposoma kitu, waya umekatika.

Trela ya kwanza niliyonunua ilisoma ampea 3, sumaku moja kati ya nne. Nilivua dramu moja baada ya nyingine nikiwa nimeinua trela kwa jeki na kuiweka juu ya stendi. Mbili zilikuwa zimekatika waya pale unapopita ndani ya ekseli, zimesuguliwa na chuma miaka yote hiyo mpaka shaba ikabaki uchi. Ya tatu ilikuwa imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha mtu anayechechemea. Nilinunua seti nne kamili, zile zinazokuja na bamba la nyuma, viatu na sumaku pamoja. Zinafungwa kwa boliti na zinakuokolea siku nzima ya kuhangaika na springi.

Waya mweupe wa ardhi nao usiusahau. Kutu kwenye boliti yake ni chanzo cha breki dhaifu kuliko watu wanavyodhani.

Kama hutaki kuvua kitu, kuna kipimo cha haraka. Weka kabari kwenye magurudumu mengine, inua gurudumu moja, lizungushe kwa mkono, kisha mwenzako achomoe pini ya swichi ya dharura iliyo mbele ya trela, ile inayofunga breki kwa betri ndogo ya trela yenyewe trela ikichomoka. Gurudumu linatakiwa likwame papo hapo. Lakini kabla ya kuchomoa pini hiyo, chomoa kwanza plagi ya trela kutoka kwenye pikapu, maana umeme wa betri ya trela ukirudi nyuma unaweza kuharibu kontrola.

Hatua ya tatu: chagua aina, kabla ya jina

Ziko aina mbili kuu za kufunga mwenyewe. Tofauti yake inahisiwa na mgongo wako.

Ya kwanza inafanya kazi kwa muda. Ukikanyaga breki, inasubiri kidogo kisha inapandisha umeme polepole mpaka kiwango ulichokipanga, basi. Haijui kama umekanyaga kwa upole kwenye foleni au umekanyaga kwa sababu lori limesimama ghafla mbele yako. Kwake yote ni sawa. Ni rahisi kufunga, haijali imekaa upande gani, na bei yake mara nyingi haifiki dola 100.

Ya pili ina kihisio ndani kinachopima jinsi pikapu inavyopunguza mwendo. Ukikanyaga kidogo, trela inafunga kidogo. Ukikanyaga kwa hofu, trela nayo inafunga kwa hofu. Tekonsha Primus IQ, Prodigy P2 na P3, na Curt Spectrum ni za kundi hili.

Mimi nilianza na ya muda. Muuzaji alinihakikishia kwamba inatosha, na kwenye barabara tupu ilitosha kweli. Shida ilianza nilipofika Houston saa kumi na moja jioni. Foleni ya kusogea na kusimama, kusogea na kusimama. Kila nikigusa pedali, pikapu inapungua, nusu sekunde kimya, halafu trela inanivuta mgongoni kama mtu aliyenishika shati kwa nyuma. Nikapunguza nguvu ili isinivute. Sawa, foleni ikawa laini. Halafu nikitoka kwenye barabara kuu, njia ya kutokea imejikunja, taa nyekundu chini, nikakanyaga kwa nguvu, na trela ikaja na nguvu ile ile ndogo niliyoipangia foleni. Ilinisukuma mpaka nikavuka mstari mweupe. Hakuna aliyegongwa. Chai yote ya chupa ilikuwa kwenye mkeka wa miguu.

Wiki hiyo hiyo nikabadilisha. Kwa mtu anayebeba gari la mteja, sioni hoja ya kununua ile ya muda. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko taa moja ya nyuma ya SUV. Kama unavuta trela ya kukata nyasi mara mbili kwa mwezi, hapo nitakuelewa.

Kuna aina ya tatu ambayo hununui dukani: ile iliyokuja na pikapu kutoka kiwandani. Ford, Chevrolet, GMC na Ram zote wanaiweka, mara nyingi kama nyongeza, kwenye dashibodi karibu na usukani. Ina vitufe vya kuongeza na kupunguza nguvu na kitu cha kubana breki za trela kwa mkono, bila pedali. Inazungumza na mfumo wa breki wa pikapu yenyewe, kwa hiyo haihitaji kukisia. Kama bado hujanunua pikapu na umepata mbili zinazolingana, chukua yenye hiyo. Ila ijaribu kabla ya kulipa. Kuwepo kwa vitufe si ushahidi kwamba waya wa nyuma ni mzima.

Ziko pia zinazochomekwa nyuma, kati ya plagi ya pikapu na ya trela, na kuongozwa kwa simu kwa bluetooth. Curt Echo ni mfano, na inabeba ekseli moja au mbili. Zinamfaa anayebadilisha pikapu kila mara au asiyeruhusiwa kutoboa dashibodi ya gari la kampuni. Mimi siipendi kwa safari ndefu. Trela ikianza kuyumba, dawa yake ni kubana breki za trela peke yake bila kugusa za pikapu, na wakati huo nataka kitu ambacho kidole changu kinakijua bila macho. Kutafuta kitufe kwenye kioo cha simu wakati mkia unacheza, hapana.

Hesabu ya magurudumu uliyofanya hatua ya kwanza itumie sasa. Kwenye boksi la kontrola imeandikwa inabeba breki ngapi: 2, 4, 6 au 8. Usinunue ya 4 kwa trela ya ekseli tatu.

Hatua ya nne: angalia pikapu itaipokeaje

Piga magoti chini ya dashibodi, upande wa dereva. Pikapu nyingi zilizotoka na kifurushi cha kuvuta zina soketi ndogo iliyoachwa pale kwa ajili ya kontrola, na kwa kila modeli kuna waya wake maalumu wa dola chache: upande mmoja unaingia kwenye gari, upande wa pili kwenye kontrola. Dakika kumi umemaliza. Kabla ya kuagiza, hakikisha waya ni wa mwaka wa gari lako. Watengenezaji hubadilisha soketi hizi kati ya modeli moja na nyingine bila kumwambia mtu.

Nyuma, karibu na namba ya gari, lazima kuwe na soketi ya duara ya pini saba. Ile bapa ya pini nne ni ya taa tu, haina njia ya breki. Usijidanganye kwa adapta inayogeuza nne kuwa saba. Inageuza umbo la plagi, haileti waya ambao haupo.

Kama hakuna soketi ndani wala pini saba nyuma, kuna waya nne za kuvuta mwenyewe. Mweusi unakwenda betri chanya kupitia kikata umeme cha ampea 20 kwa breki mpaka nne, au 30 kwa sita na kuendelea. Mweupe unakwenda betri hasi yenyewe, usiufunge kwenye boliti yoyote ya bodi uliyoiona karibu. Mwekundu unakwenda kwenye swichi ya breki, upande ule ambao unapata umeme pale tu pedali inapokanyagwa. Buluu unakwenda nyuma kwenye pini ya breki. Tumia waya nene, geji 12 au 10, na viungio vya kubana vizuri. Vile vidude vya plastiki vinavyouma waya bila kuukata, vitupe. Mvua mbili tatu vinaanza kutu. Na kama gari ni jipya lenye kompyuta kila mahali, mpe fundi. Kukosea waya wa swichi ya breki kunaweza kukuwashia taa zote za dashibodi kama harusi.

Mahali pa kuifunga, uangalie mkoba wa hewa wa magoti kabla ya kutoboa. Kontrola yenye kihisio lazima ielekee mbele sambamba na gari. P2 na P3 zinavumilia kulala au kuinuka, lakini hazivumilii kugeuzwa pembeni. Baadhi ya za zamani zinahitaji kusawazishwa kwa mkono, na ukisahau, nguvu yake haitalingana na jinsi ulivyokanyaga pedali.

Sheria, kwa ufupi

Texas inadai breki kwenye trela iliyozidi paundi 4,500 za uzito wa jumla, na ina nafuu kwa zinazokwenda polepole. Majimbo mengi yanaanzia 3,000. Ukivuka jimbo kibiashara na pikapu na trela zikifika pamoja uzito uliokadiriwa wa paundi 10,001, umeingia kwenye sheria ya shirikisho: breki kwa magurudumu yote ya trela, isipokuwa ndogo sana, na ile swichi ya dharura iweze kushikilia breki kwa dakika 15 trela ikichomoka. Askari wa ukaguzi anaipenda sana pini hiyo. Kamba yake ifunge kwenye chuma cha pikapu, usiifunge kwenye minyororo wala kwenye tufe la kuvutia. Tufe likichomoka, kamba inatakiwa ibaki na pikapu ndipo pini itoke.

Hatua ya tano: kuipanga

Kontrola ya dola 200 isiyopangwa ni mbaya kuliko ya dola 60 iliyopangwa. Mimi huenda kwenye maegesho ya ghala Jumapili asubuhi, lami kavu, tambarare, hakuna mtu.

Kama viatu vya breki ni vipya, vizoeshe kwanza. Ongeza mpaka maili 40 kwa saa, punguza mpaka 20 kwa kubana trela, acha zipoe, rudia mara 20 hadi 30. Inachosha. Usiporuka, breki zitakushukuru. Kisha rekebisha viatu kwa bisibisi kupitia kitundu cha nyuma ya bamba: zungusha gurudumu dogo la meno mpaka gurudumu la trela liwe gumu kuzungushwa kwa mkono, halafu rudisha mpaka lizunguke kwa uhuru huku ukisikia viatu vikikwaruza kwa mbali, shh, shh. Angalia tena baada ya maili 200 za kwanza, kisha kila 3,000.

Sasa trela ikiwa na mzigo, weka namba ya nguvu ya kontrola katikati. Nenda maili 25 kwa saa na ubane kwa mkono peke yake, bila pedali. Kama husikii kitu, panda kidogo. Kama magurudumu ya trela yanakwama na kulia, shuka. Unatafuta pale kabla tu ya kukwama. Mwombe mwenzako asimame pembeni atazame magurudumu, maana ukiwa ndani ya pikapu hutayaona. Ukishapata, jaribu sasa kwa pedali. Kituo kizuri ni kile ambacho husikii trela ikikusukuma wala ikikuvuta. Unasikia gari moja refu limesimama.

Baadhi ya kontrola zina ngazi za kuongeza ukali wa mwanzo wa breki. Iache chini mpaka uwe na mzigo unaokaribia au kuzidi uzito wa pikapu.

Na hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia: namba hiyo ni ya mzigo huo tu. Ukishusha gari Houston na kurudi na trela tupu kwa namba ile ile, kwenye taa ya kwanza magurudumu yatakwama, matairi yatafanya ubapa, na utayanunua mapya. Mimi nimebandika utepe wa karatasi nyuma ya kikinga jua. Tupu, 2.5. Camry, 5. Highlander, 6. Mvua, toa 1. Mwandiko umeanza kufifia kwa jua, lakini kila nikitoka bandarini nainua mkono, nausoma, nabonyeza kushuka, ndipo naweka gia.